Daftari la Tabia: Kuhesabiwa kwa Mwenendo wa Wanafunzi kutoka Karema hadi Mpanda

Mwalimu mwenye watoto kumi huijua tabia ya kila mmoja kwa kuishi naye. Mwalimu mwenye watoto mia hana budi kuiandika, maana kumbukumbu yake haitoshi. Hapo ndipo lilipozaliwa daftari la tabia, na hapo ndipo zilipozaliwa alama, medali, nyota na vyeti ambavyo shule za mataifa mengi zimevitumia kumwonyesha mtoto kwamba ametenda mema au maovu. Siku hizi kazi hiyo imeingizwa katika programu za kompyuta za kuendeshea shule. Mwalimu hugusa kioo, na mtoto huongezewa alama kwa kumsaidia mwenzake au hupunguziwa kwa kuchelewa. Jumla hujikokotoa yenyewe, na mzazi aweza kuiona kabla mtoto hajafika nyumbani.

Kabla programu ya namna hiyo haijaanza kazi, humtaka mkuu wa shule ajibu maswali matano. La kwanza, ni matendo gani yatakayohesabiwa. La pili, kila tendo lina uzito gani. La tatu, ni nani mwenye idhini ya kutoa alama. La nne, jumla ikifikia kiasi gani kutakuwa na tuzo au adhabu. La tano, alama zitadumu kwa muda gani kabla ya kufutwa. Maswali haya yaonekana kuwa ya fundi wa mitambo, lakini kwa hakika ni ya kale. Katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Katavi yamekwisha kujibiwa mara nyingi, kwa medali, kwa karatasi na kwa fimbo. Historia yake yaonyesha kwamba swali la tano ndilo lililosahauliwa zaidi, na ndilo lililowagharimu watoto zaidi kuliko yote manne yaliyolitangulia.

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, na Mpanda ukawa mji wake mkuu. Lakini shule katika nchi hiyo zina umri mkubwa kuliko mkoa. Kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika iko Karema, mahali ambapo mwaka 1879 wajumbe wa chama cha Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji walijenga kituo chao. Mwaka 1885 kituo hicho kilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie. Wamisionari hao walikuja na kanuni kali kuhusu muda wa kumtayarisha mtu kwa ubatizo. Lavigerie aliamuru kwamba muda huo usipungue miaka minne, naye mwanafunzi apite daraja baada ya daraja. Apewe kwanza mafundisho ya mwanzo, kisha yaliyo mazito, huku mwenendo wake ukitazamwa. Aliyevuka daraja la kwanza alivaa medali shingoni, na watu wote walijua amefika wapi.

Medali hiyo ilikuwa alama ya mwenendo kwa maana kamili. Ilitolewa na mwenye mamlaka, ilionekana na wote, na ilimfungulia mtu njia ya kwenda daraja la mbele. Hata hivyo ilikuwa na mpaka ulio wazi. Safari ilikuwa na mwisho, na mwisho wake ulikuwa ubatizo, ambao kwa imani yao humwondolea mtu madeni yake ya zamani. Tena kijiji kilikuwa kidogo, na watu walijuana. Adrien Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto na kusomeshwa utabibu huko Malta, alifika Karema mwaka 1889, akawatibu watu wa pwani hiyo ya ziwa hadi alipofariki mwaka 1956. Watu walimjua kwa miaka 67 ya kazi, wala hawakuhitaji jedwali la kuwaambia kama tabia yake ni njema. Palipo na kujuana, kuhesabu huwa ni msaada tu.

Hesabu huanza kutawala mahali ambapo kujuana kumeshindikana. Hilo lilidhihirika London karibu miaka mia kabla ya Karema. Mwaka 1798 Joseph Lancaster alifungua shule ya watoto maskini karibu na Borough Road. Watoto walikuwa mamia na mwalimu alikuwa mmoja. Kwa hiyo aliwafanya wanafunzi wakubwa kuwa wasimamizi wa wadogo. Kwa kuwa hakupenda viboko, alibuni tikiti na beji. Mtoto mwema alikusanya tikiti hata zikatosha kubadilishwa kwa kitu cha kuchezea. Lakini Lancaster huyo huyo alimtundika mtoto mkosaji darini ndani ya kapu, na mwingine alimfunga gogo shingoni, ili wenziwe wamcheke. Alikomesha maumivu ya mwili, akaweka aibu mahali pake. Wenye kuweka alama za watoto kwenye ubao unaosomwa na darasa zima yawapasa walikumbuke kapu lile, kwani jina la mwisho katika orodha limetundikwa vivyo hivyo.

Mtindo wa Kiingereza wa kuwatumia wanafunzi kuwasimamia wanafunzi uliingia Tanganyika kupitia shule za serikali. Mpanda ilikuwa ndani ya Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake makuu yalikuwa Tabora. Huko ndiko ilikofunguliwa mwaka 1925 shule ambayo serikali ya kikoloni iliijenga kwa mfano wa shule kubwa za bweni za Uingereza, ikiwa na mabweni yanayoshindana na viranja wenye madaraka. Kiranja aliandika majina, na majina yalipelekwa kwa mwalimu. Kiranja mwadilifu alikuwa kinga kwa wadogo. Kiranja mwenye chuki alikuwa hakimu asiye na rufaa, maana jina likishaandikwa mwalimu hakuona tendo, aliona karatasi tu.

Hatari ya kumpa mtoto kalamu ya kumhukumu mtoto mwenzake ilionekana waziwazi nchini Kenya. Mwandishi Ngugi wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na ukoloni, alieleza jinsi kifungo kilivyopitishwa mkononi katika shule aliyosoma. Aliyesikika akisema lugha ya mama alikabidhiwa kifungo, naye akatafuta mwingine wa kumtupia. Jioni walifuatwa wote kiliyepitia mikononi mwao, wakaadhibiwa. Kifungo kile kilikuwa pointi moja ya hasara, nacho kilisambazwa na watoto wenyewe. Hakikuwafundisha Kiingereza kwa kadiri kilivyowafundisha kuviziana. Basi swali la tatu katika yale matano, la nani apewe idhini ya kutoa alama, si jambo la kujazwa upesi upesi ili kazi iende mbele.

Baada ya uhuru swali la kwanza na la pili yalipata jibu jipya, tena la heshima. Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea. Alisema kwamba mitihani ya wakati ule ilipima uwezo wa kujifunza mambo na kuyatoa kwa saa iliyowekwa. Haikufaulu kila mara kupima nguvu ya kufikiri, wala haikupima kabisa tabia ya mtu na utayari wake wa kuwatumikia wenzake. Kwa hiyo alipendekeza mitihani ishushwe cheo chake, na kazi ambayo mwanafunzi ameifanyia shule na jamii itiwe katika hesabu. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, ilipokutana Musoma, iliamua kwamba mitihani isitawale peke yake. Tangu mwaka 1976 maendeleo ya kila siku ya mwanafunzi wa sekondari, pamoja na kazi zake na mwenendo wake, yaliingia katika tathmini yake.

Nia ilikuwa njema, na hoja yake haijachakaa. Mtoto afugaye kuku wa shule, achotaye maji, amwelekezaye mwenziwe hesabu, hana sababu ya kuonekana mjinga kwa kuwa tu siku ya mtihani alikuwa mgonjwa. Taarifa za maendeleo zilizopelekwa kwa wazazi zikawa na orodha ya tabia: bidii ya kazi, utunzaji wa mali, ushirikiano, heshima, utii, usafi, uaminifu. Mbele ya kila neno mwalimu aliandika herufi.

Lakini katika orodha hiyo kuna maneno ya namna mbili. Usafi huonekana, na anayechelewa huonekana. Uaminifu hauonekani mpaka siku ya jaribio, na jaribio laweza lisitokee mbele ya mwalimu. Mtu akilazimika kuandika herufi mbele ya kila neno, ataandika kwa kuyakadiria yasiyoonekana kwa yale yanayoonekana. Mtoto aliyenyamaza ataitwa mtii, na mtoto aliyeuliza ataonekana mkaidi. Mtoto atembeaye kilomita nyingi kutoka shambani, viatu vikiwa na tope la masika, atapata herufi duni ya usafi, ilhali tope lile ndilo ushahidi wa bidii yake. Kadhalika na uzito. Kuchelewa kukitozwa sawa na kudanganya, daftari limewafundisha watoto kwamba uongo ni dosari ndogo ya saa. Tatizo hilo halikuondolewa na karatasi, wala haliondolewi na kompyuta, kwa sababu haliko katika chombo. Liko katika jicho la anayeandika.

Swali la nne, la kiwango cha adhabu, lilijibiwa kwa sheria. Kanuni za mwaka 1979 ziliruhusu viboko vya shule visivyozidi sita. Kanuni za mwaka 2002 zikavipunguza kuwa vinne, zikamtaka mkuu wa shule avitoe mwenyewe au ampe mwalimu idhini kwa maandishi, na zikaagiza kila adhabu iandikwe katika kitabu maalumu, pamoja na jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya viboko na jina la aliyevitoa. Kitabu hicho chastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ndicho daftari pekee miongoni mwa yote yaliyotajwa ambalo humwandika pia mwenye mamlaka. Madaftari mengine humhesabu mtoto, na hili humhesabu na mwalimu. Kwamba kitabu peke yake hakitoshi kulionyeshwa na kesi ya Bukoba, ambako mwanafunzi alifariki mwaka 2018 baada ya kupigwa shuleni, na mwaka 2019 mahakama ilimhukumu mwalimu adhabu ya kifo. Hata hivyo mwenye kupanga alama katika programu aweza kuiga jambo moja kutoka kitabu hicho: kila alama ibaki na jina la aliyeitoa na sababu yake, ili siku ya ubishi pawe na mtu wa kuulizwa.

Swali la tano, la muda wa alama, lilijibiwa kwa ukali mwaka huo huo wa 2002. Kanuni za kufukuza wanafunzi zilitaja miongoni mwa sababu utovu wa nidhamu wa makusudi na wa kudumu, makosa ya jinai, kuingia katika ndoa, na kosa dhidi ya maadili. Neno hilo la mwisho lilifasiriwa kuwa ni pamoja na mimba. Katika shule nyingi wasichana walipimwa, na aliyeonekana mjamzito aliondolewa. Hapo alama moja tu ilitosha. Haikujumlishwa na mema yaliyotangulia, haikupungua kwa muda, na haikuwa na njia ya kufutwa.

Hakuna mkoa uliolibeba jambo hilo kwa uzito zaidi ya Katavi. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika Tanzania nzima wasichana wenye miaka 15 hadi 19 waliokwisha kuzaa au kuwa wajawazito walikuwa asilimia 27. Katavi ilikuwa asilimia 45, ya kwanza kwa ukubwa nchini. Maana yake ni kwamba kanuni ileile, iliyoandikwa kwa maneno yaleyale kwa nchi nzima, iliangukia vijiji vya Mpanda na Mlele kwa uzito usiolingana na mahali pengine. Msichana alihesabiwa kosa ambalo mara nyingi lilitendwa na mtu mzima. Mwaka 2016 sheria iliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Lakini mtu huyo hakuwamo katika daftari la shule, na msichana alikuwamo. Katika daftari la tabia aliyeonekana ndiye aliyeandikwa, kama vile tope la viatu.

Novemba 24, 2021 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi waliokatishwa masomo, wakiwamo waliojifungua, wangeruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi, na waraka wa elimu wa mwaka huo ukaweka utaratibu. Kwa mara ya kwanza alama iliyokuwa haifutiki ikawa na muda wake. Lakini miaka 19 ilikuwa imepita tangu kanuni ile kutolewa. Msichana aliyefukuzwa mwaka 2003 akiwa na miaka 16 alikuwa na miaka 34 tangazo lilipotoka, na pengine alikuwa na binti mwenye umri wa sekondari. Haki ilipofika, wengi ambao ingewafaa walikuwa wamekwisha kuzeeka nje ya lango la shule.

Ni katika miaka hiyo hiyo ambamo daftari lilianza kuhamia katika kompyuta. Uingereza ilitangulia: katika miaka ya 1980 mwalimu wa Bedfordshire, Philip Neal, alitengeneza programu ya kumbukumbu za shule ambayo baadaye, kwa jina la SIMS, ilienea katika maelfu ya shule na kuwa na sehemu ya mwenendo wa wanafunzi. Marekani ilitoa ClassDojo mwaka 2011, ambamo kila mtoto ni katuni ndogo yenye namba pembeni. Tanzania iliunda mfumo wa taarifa za shule chini ya TAMISEMI, kwa msaada wa mpango wa EQUIP-T, ulioufikia pia Mkoa wa Katavi, na humo mahudhurio yaliandikwa kwa kishikwambi badala ya kalamu. Sensa ya mwaka 2022 ilipomalizika, vishikwambi vyake viligawiwa walimu. Basi chombo kimekwisha kufika. Mfumo wa serikali ulianza kwa kuhesabu waliopo na wasiopo. Kuongeza safu ya tabia si kazi kubwa kwa fundi, na ndiyo maana yafaa ifikiriwe kabla haijaongezwa.

Watetezi wa alama za tuzo wana hoja isiyopuuzwa. Mwaka 1968 wanasaikolojia Ayllon na Azrin walichapisha kazi yao katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Illinois, ambako wagonjwa walipewa vipande vya kubadilishia vitu kila walipofanya kazi za siku. Wagonjwa waliokuwa wamekaa tu walianza kufanya kazi. Hata hivyo vipande vilipoondolewa, kazi nazo zilipungua. Mwaka 1973 Lepper, Greene na Nisbett waliwachunguza watoto wadogo waliopenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti kwa kuchora, wengine walipewa cheti bila kuahidiwa, na wengine hawakupewa kitu. Siku za baadaye, walioahidiwa walichora kwa muda mfupi kuliko wenzao wote. Kilichokuwa mchezo kilikuwa kimegeuka kibarua. Kutokana na kazi hizo mbili laweza kutolewa funzo la wastani: tuzo yaweza kuanzisha tendo ambalo mtoto hajalipenda, na yaweza kuua tendo ambalo tayari analipenda. Mtoto asombaye matofali ya darasa jipya kwa sababu kijiji kizima kinasomba, akianza kulipwa pointi, siku moja atauliza leo ni ngapi.

Pana tofauti moja kati ya daftari la zamani na la sasa ambayo yapita zote. Daftari la karatasi lilisahau. Mchwa walilila, paa lilivuja juu ya kabati, mwalimu aliyeliandika alihamishwa, na mtoto aliyekuwa mtoro darasa la tatu aliingia darasa la nne akiwa mtu mpya. Usahaulifu ule ulionekana kuwa uzembe wa ofisi, na kumbe ulikuwa rehema. Programu haiwi na rehema hiyo isipokuwa iwekewe. Yaweza kumfuata kijana toka darasa la kwanza hadi kidato cha sita, toka Karema hadi Mpanda, na kumkabidhi kwa kila mwalimu mpya akiwa na hukumu iliyokwisha kuandikwa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Waliosema hivyo walitumaini kwamba samaki yu mbichi. Hawakumwandika kuwa mkavu kabla ya wakati wake.

Sheria imekwisha kufungua njia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazitia taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti, na inampa mwenye taarifa haki ya kuomba zirekebishwe au zifutwe. Kilichobaki ni mazoea ya shule. Shule inayopanga alama za tabia leo ingeanza kwa swali la mwisho: iamue kwanza kwamba kila alama ya hasara itafutwa mwisho wa muhula, ndipo iamue alama gani zitolewe. Kisha imwache mtoto asome alichoandikiwa na kukijibu. Kisha ihesabu yale tu ambayo mwalimu ameyaona kwa macho yake, na uaminifu na heshima iviache vielezwe kwa maneno ya mtu anayemjua mtoto, si kwa namba. Orodha ya madaraja isitundikwe ukutani. Na jina la mtoa alama liandikwe daima kando ya alama yake.

Mengi ya mashauri hayo hayahitaji fedha, na mengine ni kubonyeza kitufe kimoja siku ya kwanza ya kupanga programu. Lakini historia ya Katavi inaonyesha gharama ya kutokibonyeza. Medali ya Karema ilikuwa na mwisho wake. Herufi za taarifa za shule zilififia pamoja na karatasi zake. Alama ya mwaka 2002 haikuwekewa mwisho, na kizazi kizima cha wasichana kililipa mpaka mwaka 2021. Mtoto anapokosa shuleni, yuko mahali palipojengwa ili watu wakosee na kufundishwa, na daftari lililo mkononi mwa mwalimu halina kazi njema kuliko kumkumbusha kwamba somo hilo bado halijaisha.